Kelele za kutafuta masafa: Namna ya kuzipunguza katika redio ndogo ya mawasiliano ya ridhaa

MTU anayezungusha kitufe cha redio ndogo ya mawasiliano ili kuitafuta sauti hafifu ya mwenzake aliye mamia ya kilomita mbali, mara nyingi hukutana kwanza na kelele za redio yake mwenyewe. Husikia mlio wa 'ta, ta, ta' unaofuata kila hatua ya kitufe, mkwaruzo unaokuja na kuondoka, au mvumo mwembamba unaobadilika kila tarakimu za skrini zinapobadilika.

Kelele hizo haziharibu chombo wala hazimzuii mwenye redio kuzungumza. Hasara yake ni kwamba huweza kufunika silabi moja ya alama ya wito ya stesheni ya mbali, na wakati wa dharura silabi hiyo moja huweza kuwa jina la kijiji au idadi ya majeruhi.

Makala haya yanaeleza asili ya kelele hizo na hatua za kuzipunguza, kwa kuchukua mfano wa redio ya BITX40 iliyobuniwa nchini India. Redio hiyo imefaa kuwa mfano kwa kuwa michoro na programu yake ni wazi kwa kila mtu, na kwa sababu namna inavyozalisha masafa yake inafanana na ile ya redio nyingi ndogo zinazotengenezwa na wanaredio wa ridhaa duniani leo.

Redio iliyozaliwa Hyderabad

Wanaredio wa ridhaa ni watu waliopewa leseni ya kurusha na kupokea mawasiliano ya redio kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kusaidiana, bila kulipwa. Kila mmoja ana alama yake ya wito, ambayo herufi na tarakimu zake za mwanzo huonyesha nchi anakotoka. Kwa Tanzania ni 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 9Q, na Oman A4.

Nchini India alama hizo huanza na VU. Ashhar Farhan wa mji wa Hyderabad, mwenye alama VU2ESE, ndiye aliyebuni redio ya kwanza ya jamii ya BITX mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nia yake ilikuwa kutengeneza redio ambayo fundi wa kawaida angeweza kuijenga kwa transista na vipuri vinavyopatikana madukani, bila kuagiza vifaa vya gharama kutoka nje. Hata koili zake ziliweza kusokotwa juu ya washa za plastiki za bomba la maji.

Mwishoni mwa mwaka 2016 ilitoka BITX40, bodi iliyokwisha kuunganishwa vipuri vyake, ambayo mnunuzi alihitaji kuiongezea nyaya, kasha, spika, antena na betri. Ilifanya kazi katika mita bendi 40, yaani masafa ya megahezi 7, kwa nguvu ya wati 7 hivi, na iliuzwa kwa dola 59 za Marekani. Koili zake zilisokotwa kwa mkono na kikundi cha wanawake. Mwaka uliofuata ilifuatiwa na uBITX, inayofanya kazi kati ya megahezi 3 na 30.

Kwa bei hiyo, wengi ambao wasingeweza kumudu redio za viwanda vikubwa walipata chombo chao cha kwanza. Lakini unafuu huo ulikuja na masharti yake. Redio ya kiwandani hutumia gharama kubwa katika kuta za chuma, vichujio na programu za kuzima kelele za ndani. Katika redio ya bei nafuu kazi hiyo huachiwa mwenye chombo.

Kwa nini ukimya una thamani

Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yalipopiga pwani za Bahari ya Hindi, kundi la wanaredio wa India lililoongozwa na Bharathi Prasad, mwenye alama VU2RBI, lilikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman kwa shughuli za kawaida za redio. Simu za visiwa hivyo zilikatika. Kundi hilo liliacha shughuli zake na kuanza kupeleka taarifa za walionusurika kwa ndugu zao wa bara, likitumia redio na antena lilizokwenda nazo.

Tukio hilo, ambalo madhara yake yalifika hadi Somalia, Kenya na Tanzania, linaonyesha mazingira ambamo redio ndogo hupimwa thamani yake. Antena huwa ni waya uliotundikwa upesi, nguvu ni ya betri, na anayepiga upande wa pili naye huenda hana zaidi ya hayo. Sauti yake hufika ikiwa juu kidogo tu ya mvumo wa anga, na chochote ambacho redio ya mpokeaji inaongeza juu ya mvumo huo hupunguza uwezekano wa kumsikia.

Kelele hutoka wapi

Redio za zamani zilitumia osileta ya koili na kapasita, yaani saketi inayozalisha mawimbi ambayo masafa yake hubadilika polepole kadiri kitufe kinavyozungushwa. Osileta ya aina hiyo haina hatua, hivyo haina mlio wa hatua. Kasoro yake ni kwamba joto linapopanda au kushuka, masafa nayo huhama, na mtu aliyekuwa anasikika vizuri hugeuka sauti ya bata baada ya dakika chache.

Ili kuondoa kasoro hiyo, BITX40 iliwekewa bodi ndogo iitwayo Raduino. Bodi hiyo ina kompyuta ndogo ya Arduino Nano, skrini ya mistari miwili yenye herufi 16 kila mmoja, na chipu ya Si5351 inayozalisha masafa kwa kutegemea fuwele ya megahezi 25. Kuhama kwa masafa kulipungua mno. Lakini kama wahenga walivyosema, kipya kinyemi ingawa kidonda: pamoja na uthabiti zilikuja kelele ambazo osileta ya zamani haikuwa nazo.

Chanzo cha kwanza ni chipu yenyewe. Ndani ya Si5351 mna osileta ya kasi kubwa inayozunguka kati ya megahezi 600 na 900, ikiongozwa na kitanzi kinachoilinganisha na fuwele kila wakati. Masafa hayo makubwa hugawanywa na kigawanyi hadi kufikia yale yanayotakiwa. Programu ikiamuru kitanzi kianze upya kila kitufe kinaposogea, mawimbi hukatika kwa muda mfupi sana kisha hurudi, na mkatiko huo husikika kwenye spika kama mpigo.

Chanzo cha pili ni kitufe. Katika BITX40 kitufe cha masafa ni potenshomita, ambayo volti yake husomwa na Arduino na kugeuzwa kuwa namba kati ya 0 na 1,023. Kwa kuwa kipimo kizima ni volti 5, hatua moja ni karibu milivolti 5 tu. Mtikisiko mdogo wa umeme unatosha kuifanya namba iruke kutoka 511 hadi 512 na kurudi, ingawa hakuna mkono uliogusa kitufe. Kila inaporuka, chipu huamriwa kubadili masafa, na matokeo yake ni mlio usiokwisha.

Chanzo cha tatu ni skrini. Kila herufi inayoandikwa hupelekwa kwa mipigo ya umeme kupitia nyaya za data, na mipigo hiyo ina kingo kali zinazosambaa kama mawimbi ya redio. Programu inayoandika skrini nzima upya mara nyingi kwa sekunde hutoa kelele hata pale tarakimu zinapobaki zilezile.

Chanzo cha nne ni njia ya umeme. Kompyuta, skrini na kikuza sauti vyote hunywa kutoka betri moja. Matumizi ya kompyuta yanapopanda na kushuka, volti ya njia hiyo hutikisika, na kikuza sauti cha LM386 kilichomo katika redio hii huweza kuupeleka mtikisiko huo kwenye spika.

Kuna pia chanzo cha tano ambacho si cha kidijitali: uchakavu wa potenshomita. Vumbi au mkwaruzo kwenye njia yake ya kaboni hufanya mgusano ukatike, na namba inayosomwa huruka hatua nyingi kwa pamoja.

Kutambua chanzo kabla ya kutibu

Makosa mengi katika kazi hii hutokana na kuanza kuongeza kapasita na kuta za chuma bila kujua kelele inatoka wapi. Utaratibu ufuatao unahitaji visikizi vya masikioni na subira tu.

Hatua ya kwanza ni kuchomoa antena. Kelele zikipungua sana, sehemu kubwa ya tatizo imo nje ya redio au inapita kwenye antena. Zikibaki vilevile, chanzo kimo ndani ya kasha.

Hatua ya pili ni kuiwasha redio kwa betri peke yake, huku chaja, adapta ya ukutani na kidhibiti cha umeme wa jua vikiwa vimechomolewa kabisa. Adapta nyingi za kisasa na vidhibiti vingi vya sola hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na hutoa mvumo mkali katika masafa mafupi. Mwenye redio anayetegemea sola kijijini huweza kuhangaika siku nyingi na bodi isiyo na kosa lolote.

Hatua ya tatu ni kuacha kitufe bila kukigusa na kusikiliza kwa dakika moja. Mipigo ikiendelea kwa mpangilio usiobadilika, mtuhumiwa ni skrini inayoandikwa upya. Ikitokea ovyo ovyo, huku tarakimu ya mwisho ikichezacheza, mtuhumiwa ni usomaji wa potenshomita.

Hatua ya nne ni kuzungusha kitufe polepole. Mpigo mmoja kwa kila hatua huonyesha tatizo la namna chipu inavyoamriwa. Mkwaruzo unaotokea sehemu zilezile za kitufe kila mara huonyesha potenshomita iliyochakaa.

Hatua ya tano ni kupunguza sauti hadi mwisho. Kelele ikiendelea kusikika ingawa kitufe cha sauti kimefungwa, inaingia baada ya kitufe hicho, yaani kwenye kikuza sauti au njia yake ya umeme. Ikipotea, inaingia mapema zaidi, na hapo nyaya na chipu ndizo za kuchunguzwa.

Inafaa kurekodi sauti ya redio kwa simu kabla ya marekebisho na baada ya kila hatua, simu ikiwekwa umbali uleule na kitufe cha sauti kikiwa mahali palepale. Sikio huzoea kelele na hudanganyika kwa urahisi; rekodi mbili zilizowekwa pamoja huonyesha tofauti ilivyo.

Marekebisho ya programu

Marekebisho yenye manufaa makubwa kwa gharama ndogo ni ya programu, kwa sababu hayahitaji kulehemu wala kununua kitu. Programu ya Raduino huandikwa upya kwenye Arduino kwa kutumia kompyuta na waya wa USB.

La kwanza ni kuacha kuanzisha kitanzi upya kila masafa yanapobadilika. Ili hilo liwezekane, kigawanyi kiachwe na namba moja isiyobadilika, na masafa yabadilishwe kwa kusogeza osileta ya kasi kubwa peke yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika BITX40 masafa ya kati ni megahezi 12, na ili kupokea megahezi 7.0 osileta hutakiwa kutoa karibu megahezi 5.0. Ili kupokea megahezi 7.2 hutakiwa kutoa karibu megahezi 4.8. Kigawanyi kikiwekwa 160, osileta ya ndani itahitaji kwenda kati ya megahezi 800 na 768 tu, ambayo yote imo ndani ya mipaka ya 600 na 900. Bendi nzima hutafutwa bila kigawanyi kuguswa, na kitanzi huanzishwa mara moja tu redio inapowashwa.

Hatua ya hezi 50 kwenye kitufe inakuwa badiliko la hezi 8,000 katika osileta ya ndani, kiasi kidogo sana mbele ya megahezi 800. Kitanzi hukifuata bila kukatika, na mpigo uliokuwa ukisikika hupotea au hubaki kwa mbali.

La pili ni kuandika amri kwa mkupuo. Namba zinazoongoza kitanzi kimoja hukaa katika rejista 8. Zikipelekwa moja moja, kwa muda mfupi chipu hubaki na mchanganyiko wa namba mpya na za zamani, na masafa hurukia mahali pasipotakiwa kabla ya kutulia. Zikipelekwa kwa mfululizo mmoja kwa kasi ya kilohezi 400, kazi yote huchukua takribani robo ya milisekunde, na muda wa mchanganyiko huo hufupika mno.

La tatu ni kuifanya programu isisadiki kila namba inayotoka kwenye potenshomita. Programu isome mara 16 na kuchukua wastani. Usomaji huo huchukua chini ya milisekunde 2, muda ambao mkono wa binadamu hauwezi kuutambua. Kisha iwekwe sheria kwamba kitufe kikitulia kwa nusu sekunde, masafa yafungwe, na yasifunguliwe mpaka namba isogee kwa zaidi ya hatua 3.

Mpangilio huo una gharama yake. Potenshomita ya BITX40 hugawa kilohezi 50 katika hatua zipatazo 1,000, hivyo hatua moja ni karibu hezi 50. Kufuli ya hatua 3 ikitumika wakati wote, mtafutaji atashindwa kukaribia sauti kwa chini ya hezi 150, na sauti ya mtu itasikika nzito au nyembamba kupita kawaida. Ndiyo maana kufuli hiyo inapaswa kufanya kazi kitufe kinapokuwa kimetulia tu, na kuachia mara mkono unapoanza kusogea.

La nne ni kuiambia skrini iandike herufi zilizobadilika peke yake. Mtu akisogea kutoka 7.085.0 hadi 7.085.1, hakuna sababu ya kuandika upya herufi zote 32. Programu ikumbuke kilichoandikwa mwanzo, ilinganishe, na kupeleka kilicho kipya. Kitufe kikitulia, skrini nayo inyamaze kabisa.

Marekebisho ya saketi

Baada ya programu kurekebishwa, kelele zinazobaki hutibiwa kwa vipuri vichache. Betri ichomolewe kabla ya kulehemu chochote, na pande za chanya na hasi zihakikiwe kabla ya kuirudisha.

Kapasita ya nanofaradi 100 ilehemiwe kati ya waya wa katikati wa potenshomita na ardhi ya saketi, upande wa Arduino na si upande wa kitufe. Kazi yake ni kumeza mipigo ya haraka ambayo waya huo huiokota njiani. Ikiwa potenshomita yenyewe imechakaa, dawa ya kusafishia migusano huisaidia kwa muda, lakini tiba ya kudumu ni kuibadilisha kwa mpya ya kilo-omu 10 ya aina inayopanda sawasawa, si ile ya sauti.

Njia ya umeme ya kompyuta itenganishwe na ya kikuza sauti. Kila moja ivute waya wake kutoka kwenye kituo cha betri, na ardhi zake zikutane mahali pamoja. Nyaya zikiunganishwa kwa mnyororo, mkondo wa kompyuta hupita kwenye ardhi ya kikuza sauti na kuacha alama yake huko.

Kwa saketi ndogo za sauti za mwanzo, rizista ya omu 10 ikifuatiwa na kapasita ya maikrofaradi 470 huunda kichujio kinachoanza kuzuia mitikisiko iliyo juu ya hezi 34 hivi. Saketi ikinywa miliampia 30, rizista hiyo hupoteza volti 0.3 tu. Haifai kuwekwa kwenye njia ya kikuza sauti cha spika, ambacho mahitaji yake hupanda ghafla, wala kwenye njia ya nguvu ya kurusha.

Nyaya zinazokwenda kwenye bodi ya kompyuta zinaweza kuzungushwa mara 8 hadi 10 kwenye pete ya feraiti. Pete hiyo huruhusu umeme wa betri kupita lakini huyazuia mawimbi ya masafa ya juu. Nyaya za sauti zipitishwe mbali na zile za skrini, na zinapolazimika kukatana, zikatane kwa umbo la msalaba badala ya kwenda sambamba. Waya wa kitufe cha sauti uwe wa aina yenye ngao, na ngao hiyo ifungwe ardhini upande mmoja tu.

Mwisho ni kasha. Kasha la plastiki halizuii mawimbi. Bodi ya kompyuta ikitengwa na bodi ya redio kwa ukuta wa bati uliofungwa ardhini, mipigo ya skrini haiifikii saketi ya kupokea kwa urahisi. Bati la kopo la biskuti hufaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa hukatika kwa mkasi na hushika risasi ya kulehemu vizuri.

Hadhari ya masafa

Anayebadili programu ya redio inayorusha ana wajibu ambao mwenye redio ya kusikiliza tu hana. Kosa dogo katika hesabu ya kigawanyi, au namba ya usawazisho iliyosahauliwa, huifanya skrini ionyeshe megahezi 7.190 wakati mawimbi halisi yanatoka mahali pengine kabisa.

Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 ulikubali kwamba wanaredio wa ridhaa wa Afrika na Ulaya waongezewe nafasi kati ya megahezi 7.1 na 7.2, kuanzia tarehe 29 Machi 2009. Kwa hiyo bendi yao katika kanda hii ni megahezi 7.0 hadi 7.2, na nje ya hapo wamo watumiaji wengine, zikiwamo stesheni za utangazaji zilizo juu ya 7.2.

Kabla ya kurusha tena baada ya marekebisho, redio ilinganishwe na stesheni ya utangazaji ambayo masafa yake yanajulikana, kisha irushe kwenye mzigo bandia, yaani rizista inayochukua nafasi ya antena, huku redio nyingine iliyo jirani ikithibitisha masafa. Mipaka ya bendi nayo iandikwe ndani ya programu, ili kitufe kikizidi mpaka, redio ikatae kurusha.

Wenye nia ya kuingia katika shughuli hii wanapaswa kuanza na leseni. Nchini Tanzania suala hilo liko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na nchini Kenya chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kusikiliza peke yake ni njia nzuri ya kujifunza kabla ya hapo.

Kelele isiyo na tiba

Katika nchi za ikweta kuna kelele ambayo hakuna fundi anayeweza kuiondoa. Bonde la Kongo na Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na mlio wa radi husafiri mbali katika masafa ya megahezi 7, hasa usiku. Katika msimu wa mvua, mvumo huo unaweza kuwa mkubwa kuliko kelele yoyote ya ndani ya redio.

Jambo hilo hutoa kipimo kizuri cha kujua kazi imekwisha lini. Antena iunganishwe mchana wakati anga imetulia, na kitufe kizungushwe katika sehemu isiyo na stesheni. Ikiwa mipigo ya kitufe haisikiki tena chini ya mvumo wa anga, marekebisho zaidi hayataongeza chochote katika usikivu, na fedha iliyobaki ingefaa zaidi kutumika kwenye waya wa antena na nguzo ya kuupandisha juu.

Ikiwa bado inasikika, kazi irudiwe kwa mpangilio uleule: chanzo kitambuliwe, programu irekebishwe, umeme utenganishwe, kisha kuta ziwekwe. Haba na haba hujaza kibaba. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayoondoa kelele yote kwa peke yake, lakini zikifanywa kwa pamoja huiacha redio ya dola 59 ikiwa kimya kiasi cha kumsikia mtu anayeita kwa wati chache kutoka upande wa pili wa ziwa.